Kabla Hujapanda Jukwaani, Hesabu Milango

(Mazungumzo na vijana wa vyuo, kata ya Magamba, Manispaa ya Mpanda. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, maana wengi mliomba nakala.)



Nianze na jina la hapa. Kuna ndugu aliniuliza, "Kamanda, wewe mtu wa upinzani unaenda Magamba kutafuta nini?" Tangu mwaka 2011 wenzetu wa chama tawala waliposema wanajivua gamba, neno hilo halijapumzika. Nikamwambia Magamba ya Mpanda ni kata ya watu: wakulima, wachimbaji wadogo, bodaboda, na wanafunzi waliorudi nyumbani likizo. Hao ndio niliowafuata.

Mada niliyopewa ni usalama wa matukio ya wazi vyuoni: mdahalo, bonanza, tamasha, kampeni za serikali ya wanafunzi, mahafali. Najua wapo waliotaka niongelee tume ya uchaguzi. Hiyo tutaiongea. Leo naomba tuongee habari ya turubai, waya na geti. Na nawaahidi mpaka namaliza mtaona kwamba hii nayo ni siasa.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, chuo sitakitaja, nilikuwa katibu wa kamati iliyoandaa sherehe ya kuwapokea mwaka wa kwanza. Tulikodi turubai kubwa. Ardhi ilikuwa ngumu, vigingi vikagoma kuingia, tukasema basi, kamba hizi mbili tufunge kwenye mwembe na ile nyingine kwenye benchi. Benchi, jamani! Saa kumi na moja upepo wa mvua ukaja. Turubai likanyanyuka kama mwavuli, nguzo ya chuma ikaanguka mguuni kwa binti mmoja wa mwaka wa kwanza. Tukatafuta gari. Gari lilikuwepo, lakini njia imezibwa na lori lililoleta muziki. Geti kubwa limefungwa, mwenye ufunguo ameenda kula. Tulimbeba yule binti juu ya ubao wa meza mpaka barabarani.

Alipona, namshukuru Mungu. Ila mitihani ya muhula ule hakufanya.

Jumatatu tangazo likabandikwa: mikusanyiko yote ya wanafunzi ya nje imesitishwa mpaka itakapotangazwa tena. Mpaka namaliza mwaka wa tatu haikutangazwa tena. Tulikuwa tumeandaa mdahalo wa mikopo ya elimu ya juu, wenzetu kadhaa walikuwa hawajapata hela ya kujikimu na wanalala na njaa. Mdahalo ule ulikufa palepale. Mtu akitaka kuwanyamazisha wanafunzi angehangaika sana. Sisi tulimsaidia kwa vigingi sita ambavyo hatukuvipiga.

Hilo ndilo nililokuja kulisema Magamba. Kila kosa letu la usalama ni zawadi kwa mtu anayetafuta sababu ya kutukataza kukutana. Na kabla ya siasa yoyote, ni mguu wa binti wa watu.

Sasa msidhani ajali za mikusanyiko ni mambo ya mbali. Pandeni treni hapa Mpanda mpite Kaliua mpaka Tabora. Siku ya Idd el Fitr, Oktoba 1, 2008, watoto wapatao 20 walifia Tabora kwenye ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Watoto waliotoka kusherehekea sikukuu. Februari 1, 2020, Moshi, watu 20 walikufa kwenye ibada uwanjani, umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Machi 21, 2021, watu 45 walikufa Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walipoenda kumuaga Rais Magufuli. Hakuna kati ya hao aliyekwenda kufanya fujo.

Na vyuoni? Aprili 12, 2015, kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mlipuko wa umeme uliwaamsha wanafunzi alfajiri. Zilikuwa zimepita siku kumi tu tangu magaidi waue watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa. Vijana wakajua wamevamiwa, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa, zaidi ya 100 waliumia. Hapakuwa na gaidi, palikuwa na umeme na hofu. Fikirieni jenereta ikilipuka kwenye tamasha lenu usiku na hakuna mtu mwenye maiki wa kusema nini kimetokea.

Haya, tufanye nini? Nitataja mambo sita. Chukueni kalamu.

La kwanza, hesabu. Eneo lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 20 ni mita za mraba 600. Toa jukwaa, toa njia, labda zimebaki 400. Watu wawili kwa mita moja ya mraba wanapumua vizuri: hapo ni watu 800. Wakifika wanne, kutembea ni shida. Wakizidi watano, umati unaanza kusukumana wenyewe kama maji, na hata mwenye nguvu hawezi kusimama anapotaka. Wengi wanaokufa kwenye msongamano hukosa pumzi wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa. Kwa hiyo usijisifu kwamba watu walijaa mpaka wakakosa pa kukanyaga. Hiyo picha nzuri ya mtandaoni ni hatari uliyoponea.

La pili, milango. Njia yenye upana wa mita moja, kwenye ardhi tambarare, hupitisha watu kama 80 kwa dakika. Watu 1,000 kwa kijigeti kimoja ni zaidi ya dakika kumi na mbili. Moto haukusubiri dakika kumi na mbili. Angalau njia mbili, zikae pande tofauti, zisiwe na meza ya kuuza fulana, na mtu mwenye ufunguo asimame hapohapo mpaka mwisho. Akitaka kula, aletewe chakula pale.

La tatu, turubai, spika na umeme. Kila kamba kwenye kigingi chake. Ardhi ikigoma, tumia viroba vya mchanga vizito au badilisha eneo. Spika zilizopangwa juu zifungwe. Jenereta ikae mbali na watu, izungushiwe uzio, na isijazwe mafuta ikiwa inaunguruma. Waya usipite penye miguu ya watu wala kwenye dimbwi. Na fundi umeme awepo mpaka taa ya mwisho izimwe, siyo anafunga halafu anaondoka na bodaboda.

La nne, radi. Huku kwetu magharibi mvua ikianza Novemba haina utani. Januari 27, 2025, wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda, Bukombe mkoani Geita, waliuawa na radi. Kanuni ni rahisi: ukisikia ngurumo, tukio limesimama. Sauti husafiri kilometa moja kwa kama sekunde tatu, kwa hiyo kati ya mmweko na ngurumo zikipita sekunde 30, radi iko kilometa kumi, na hapo tayari inaweza kukufikia. Watu waingie kwenye jengo la kudumu au ndani ya basi. Turubai lenye nguzo za chuma siyo kinga, na chini ya mwembe ndiyo kabisa usiende. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mgeni rasmi akinuna, anune.

La tano, watu wa kazi. Wasimamizi wavae fulana za rangi moja, wagawiwe maeneo, wajuane kwa majina. Awepo mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza na boksi lake. Njia ya gari la wagonjwa iwe wazi tangu asubuhi, lori la muziki likapaki kwingine. Namba iwe kwenye kila simu: 114 ni Zimamoto na Uokoaji, 112 ni polisi. Halafu mteueni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha tukio. Mmoja tu. Asiwe mwenyekiti wala mgeni rasmi, maana hao wanapenda kumaliza hotuba. Awe yule anayeangalia umati na kupokea habari kutoka getini. Akisema simama, hata mimi nikiwa jukwaani nazima maiki.

La sita, karatasi. Hapa tusikilizane vizuri.

Ndani ya chuo mwenye eneo ni chuo. Andikeni barua ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi mapema, na muambatanishe mpango wenu: ramani, idadi ya watu, milango, umeme, huduma ya kwanza. Kaeni na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na kumbukeni Sheria ya Vyama vya Siasa inakataza kuanzisha tawi la chama ndani ya chuo. Kwa hiyo chuoni mnakutana kama wanafunzi, kwa hoja za wanafunzi. Shughuli ya chama tuifanyie nje. Msimpe mtu kamba ya kuwafunga.

Mkikutana sehemu ya umma, Sheria ya Jeshi la Polisi, kifungu cha 43, inataka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Nasema taarifa. Wengi wetu tumezoea kusema "kuomba kibali", na tukishasema kibali tumeshakubali kwamba haki ya kukutana ni hisani ya mtu. Ibara ya 20 ya Katiba haijasema hivyo. Polisi anaweza kuzuia, na akizuia tumwombe atoe sababu kwa maandishi.

Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tangu 2016 mpaka Rais Samia alipotangaza kuifungua Januari 3, 2023. Miaka yote hiyo neno lilikuwa usalama, usalama, na ile "taarifa ya kiintelijensia" ambayo hakuna aliyewahi kuonyeshwa. Dawa yake ni kuwa na mpango wa usalama ulio bora kuliko wa yule anayekukatalia. Akisema eneo halina usalama, weka ramani mezani, umuulize: ni mlango upi, ni waya upi, turekebishe? Akikosa jibu, kila mtu ameona. Na uwanja huohuo ukitolewa kesho kwa vijana wa chama kingine bila ramani wala huduma ya kwanza, mtakuwa na ushahidi wenye muhuri, siyo manung'uniko ya kijiweni.

Ila kanuni za usalama zinawabana na wenye bunduki. Februari 16, 2018, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alikuwa abiria kwenye daladala Kinondoni. Polisi walikuwa wanatawanya maandamano ya wapinzani, risasi ikamkuta ndani ya gari. Hakuwa mwandamanaji. Kwa hiyo tunapodai usalama wa mikusanyiko, tunadai pia namna salama ya kuutawanya umati: onyo linalosikika, muda wa kuondoka, na njia ya kutokea iliyo wazi.

Na ajali ikitokea, msikubali haraka kuambiwa umati ulikuwa wa wahuni. Hillsborough, Uingereza, mwaka 1989, mashabiki 97 wa Liverpool walipoteza maisha. Waliofiwa waliambiwa mashabiki ndio wenye makosa. Ilichukua mpaka 2016 kwa baraza la wazee wa mahakama kusema mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27! Walishinda kwa sababu walitunza kumbukumbu. Na ninyi andikeni: nani alikuwa getini, saa ngapi, nani aliambiwa nini.

Nimalize, jua linatuchoma na maji yamebaki katoni moja, wapewe kwanza akina mama wenye watoto.

Mkirudi vyuoni, mlio hapa mkoani kwenye Ndaki ya Mizengo Pinda ya SUA, mlioko Dodoma, Mbeya, Dar, popote, fanyeni kitu kimoja wiki ya kwanza. Nendeni kwenye uwanja mnaoutumiaga, mkiwa na futi kamba. Pimeni. Hesabuni mageti, muulize kila ufunguo unakaa kwa nani. Chora kwenye karatasi moja, weka tarehe. Mkija kuomba eneo la mdahalo, mnaanza na hiyo.

Halafu angalieni hapa tulipokaa. Kabla hamjafika tumehesabu viti, njia za kutokea ni mbili, ile pale kwenye mwarobaini na hii nyuma yangu. Kamba zote za turubai hili ziko kwenye vigingi. Nimezigusa moja moja.

Tutoke taratibu, walioko nyuma waanze.