Redio Ndogo ya Mkononi: Inapofaa, Inapotuangusha

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika mafunzo ya kamati za wadi za kukabiliana na majanga, Hola, Kaunti ya Tana River

 

Mezani kuna redio ndogo za mkononi, zile tunazoziita wokitoki. Nimeombwa niwaeleze zinafaa wapi na zinatuangusha wapi. Wengi wetu tumeziona mikononi mwa askari na walinzi wa mageti, tukadhani kwamba mwenye nayo anaweza kuongea na yeyote, popote. Sivyo. Afadhali tuujue ukweli huo leo tukiwa pakavu kuliko kuujua masika, mto ukiwa umevunja kingo.

Nianze na uzuri wake. Simu yako haiongei na simu ya mwenzako moja kwa moja. Inaongea na mnara, na mnara unahitaji umeme au jenereta na njia ya kuunganishwa na minara mingine. Mnara ukizimika, simu nzuri na simu mbovu zote zinakuwa tochi. Redio hizi haziupitii mnara wowote. Ukibonyeza kitufe, wimbi linatoka kwenye antena yako na kuingia kwenye antena ya mwenzako. Haiulizi kredo.

Uzuri wa pili ni kwamba sauti moja inawafikia wengi kwa wakati mmoja. Kwa simu, ukitaka kuwaambia wazee kumi kwamba maji yamepanda, utapiga mara kumi, na wa kumi atasikia maji yakiwa mlangoni. Kwa redio unasema mara moja, na wote walio kwenye chaneli hiyo wanasikia. Mnakumbuka Aprili na Mei 2024, barabara ya Garissa kupitia Madogo ilipomezwa na maji na watu wakawa wanavushwa kwa boti. Kwenye hali kama hiyo, aliye ng'ambo hii na aliye ng'ambo ile wanahitaji kusikizana papo hapo.

Sasa tuje kwenye udhaifu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi.

Udhaifu wa kwanza ni umbali. Kwenye boksi la redio mara nyingi huandikwa kilomita nyingi ajabu. Msizihesabu hizo. Mawimbi ya redio hizi husafiri karibu kama macho yanavyoona, na dunia ni mviringo. Mtu aliyesimama chini akiwa na redio kwenye kimo cha mita moja na nusu, upeo wake ni kama kilomita 5. Wawili waliosimama chini wanaweza kusikizana kama kilomita 10, ikiwa kati yao ni uwanda mtupu. Weka mathenge, miembe na nyumba hapo katikati, na huenda zikabaki kilomita 2 au 3. Kutoka Madogo hadi Kipini ni zaidi ya kilomita 200. Hakuna redio ya mkononi itakayoruka huko yenyewe.

Dawa yake si kununua redio yenye wati nyingi zaidi. Dawa ni kimo. Mtu huyo akipanda mahali ambapo antena iko mita 9 juu, upeo wake unafika kama kilomita 12, na akiongea na mtu aliye chini wanaweza kufikiana kama kilomita 17 kwenye uwanda. Kwa hivyo kila kijiji kijue mapema mahali pake pa juu ni wapi: paa la shule, mnara wa tangi la maji, tuta. Pale tusipofikiana, mtu wa katikati atapokea ujumbe na kuupokeza mbele. Ipo pia mitambo ya kupokezea mawimbi inayowekwa kwenye mlingoti mrefu, lakini hiyo nayo inahitaji umeme. Ikizimika tunarudi palepale, kwa hivyo lazima tujue kuongea bila hiyo.

Wanaohusika na ununuzi, sikilizeni hapa. Kuna redio za VHF, ambazo kwa kawaida hutumia megahezi 136 hadi 174, na za UHF, ambazo nyingi ni megahezi 400 hadi 470. Kwenye mbuga na vichaka VHF hufanya vizuri zaidi. Ndani ya majengo kama hospitali, UHF hupenya vizuri zaidi. Redio ya VHF pekee na ya UHF pekee haziwezi kuongea hata zikiwa meza moja. Wadi jirani zikinunua tofauti, tumenunua ukimya.

Udhaifu wa pili ni betri. Kusikiliza hakuli chaji sana; kusema ndiko kunakokula. Redio ya wati 5 ikisema inaweza kuvuta kama ampia moja na nusu, kwa hivyo betri ya miliampia 1,500 itaisha baada ya kama saa moja ya kusema mfululizo. Betri hiyohiyo ikitumiwa kwa kusikiliza zaidi na kusema kidogo, inaweza kumaliza siku ya kazi. Aliye karibu apunguze nguvu hadi wati 1. Salamu ndefu tuziache kwa simu.

Udhaifu wa tatu ni maji. Si kila redio inastahimili maji, na sisi tunazitaka kwa ajili ya mafuriko. Tafuteni alama ya IP67, maana yake ni kwamba vumbi haliingii na kifaa kinaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30. Alama ya IP54 ni ya matone tu. Isiyo na alama, ifungeni kwenye mfuko wa plastiki unaobana, na msiivue ndani ya boti.

Udhaifu wa nne: hakuna siri. Yeyote mwenye redio kwenye masafa hayo anawasikia. Zile namba zinazoitwa za faragha humzuia mwenzako asisumbuliwe na wengine. Hazimzuii mwingine kukusikiliza wewe. Kwa hivyo msitaje hewani jina la mgonjwa, la mtoto aliyepotezana na wazazi au la mama aliyedhulumiwa, wala ghala lenye chakula cha msaada. Semeni, "Nina mgonjwa mmoja, nahitaji boti." Jina litatajwa mkikutana.

Na masafa yenyewe hayaokotwi. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, anayetoa leseni ya masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Redio nyingi za bei nafuu zinakuwezesha kubonyeza namba na kuingia popote. Kuweza si kuruhusiwa. Unaweza kuingilia mawasiliano ya askari au ya ndege.

Udhaifu wa mwisho ndio unaonitia hofu zaidi, nao unahusu lugha yetu. Redio hizi zinaruhusu mtu mmoja kusema kwa wakati mmoja. Tena ukibonyeza kitufe, inachukua kitambo kidogo kabla sauti haijaanza kutoka. Mtu mwenye haraka hubonyeza na kusema papo hapo, na silabi ya kwanza au mbili za kwanza hupotea. Kwa Kiswahili, silabi hizo mara nyingi ndizo zinazobeba katazo lenyewe. Ukisema "Hakuna mtu ndani," kule kunafika "kuna mtu ndani." Kijana ataingia kwenye maji kutafuta mtu kwenye nyumba tupu. Ukisema "Msivuke," kunafika "vuke." Niambieni, dereva wa boti atafanya nini?

Kwa hivyo tukubaliane. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme. Anza kwa kumwita unayemtaka na kujitaja, ili kama kuna kitakachopotea, kiwe jina na si onyo. Badala ya "msivuke," sema "Simama. Rudi. Hatari." Badala ya "hakuna mtu," sema "nyumba ni tupu." Rudia mara mbili, kisha sema "ova" na uachie kitufe. Anayepokea arudie alichosikia kwa maneno yake. Asiporudia, ujue ujumbe bado haujafika.

Nyumbani tunaongea Kipokomo, Kiorma na nyinginezo, lakini hewani tutumie Kiswahili, ili aliye jirani yako akusaidie bila kusubiri mkalimani. Na ujumbe ujibu maswali ambayo sisi waandishi wa habari tulifundishwa kuyajibu kwanza: ni nani anayesema, yuko wapi, nini kimetokea, lini. Ongezeni la tano: mnahitaji nini.

Kumbukeni pia kwamba redio haihifadhi ujumbe kama simu. Asiyesikiliza amekosa. Maji yakianza kumwagika Masinga huchukua siku kadhaa kutufikia, na siku hizo ndizo za kupanga zamu: nani anasikiliza, saa ngapi, na nani anampokea.

Kabla ya masika, kila kamati iandike karatasi moja: jina la kituo chenu hewani, mahali penu pa juu, wasikilizaji wawili, mahali pa kuchajia, na vijiji ambavyo mmejaribu mkasikika. Mahali mlipojaribu msisikike pia muandike, maana hapo ndipo tutakapomweka mtu wa kupokeza au bodaboda.

 Sasa chukueni redio, tokeni wawili wawili, mmoja aende hadi asisikike tena. Tukirudi, tutaipima hiyo njia kwa kilomita.