Majina ya Marehemu Wetu: Tuyapange Yasipotee

 

Hebu jiulize, wewe unayesoma: baba wa babu yako aliitwa nani, na alizikwa wapi? Wengi wetu jina la tatu twalifikia, la nne twakwama. Na hili si suala la kujifaharisha kwa ukoo. Ni suala la mirathi, kwani fungu la mrithi halijulikani mpaka ajulikane ni mtoto wa nani. Ni suala la kuunga udugu. Na hapa Kenya, kwa miaka mingi vijana wengi wa Kiislamu walioomba kitambulisho walitakiwa walete karatasi za babu zao. Asiyekuwa nazo alirudi mikono mitupu.

Desturi yetu maiti huzikwa haraka. Tangazo husomwa msikitini kwa kipaza sauti, na likishasomwa limekwisha. Lakini kuna mahali majina mengi yamebaki. Gazeti Rasmi la Serikali, linalochapishwa tangu 1899 na hutoka kila Ijumaa, lina matangazo ya mahakama kuhusu mali ya marehemu. Humo mtaona jina la marehemu, alikokuwa akiishi, siku aliyofariki, na aliyeomba kusimamia mali: mjane, mtoto au ndugu. Mwenye pingamizi hupewa siku 30. Zikipita, watu husahau, lakini kwa mtafutaji wa nasaba mistari ile ni hazina. Shida ni kuwa imetawanyika katika maelfu ya matoleo.

Dawa yake ni faharasa, na kazi hii si ngeni kwetu. Ibn Khallikan, kadhi wa Damascus aliyefariki 681 Hijria (1282), aliandika Wafayat al-Ayan, akapanga watu mashuhuri kwa herufi za majina yao pamoja na miaka waliyofariki. Na sisi wa madrasa twajua kwa nini wanazuoni wa hadithi walichunga miaka hiyo: anayedai kupokea kwa shekhe aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, uongo wake hufichuka hapo hapo.

Basi tufanyeje? Chukua daftari au kompyuta. Tangazo moja, mstari mmoja.

Kwanza, andika jina kama lilivyochapwa. Mohamed, Muhammad, Mahamed, usisahihishe. Pembeni weka umbo moja la kutafutia.

Pili, tenga tarehe ya kifo na tarehe ya tangazo. Zaweza kupishana kwa miaka.

Tatu, usichanganye Hijria na Miladia. Mwaka wetu ni mfupi kwa siku kama 11, na siku yetu huanza magharibi. Aliyefariki usiku wa Ijumaa, serikali huenda ikamwandika Alhamisi.

Nne, andika aliyeomba na uhusiano wake na marehemu. Hapo ndipo bibi zetu wengi wanapoonekana kwa majina yao wenyewe.

Tano, namba ya tangazo na tarehe ya toleo, ili mwingine aweze kuhakikisha.

Tena jihadharini. Majina mawili yakifanana msiwafanye mtu mmoja mpaka mji, tarehe na warithi wakubaliane. Na aliyekufa bila mali iliyofika mahakamani hamtamkuta humo. Huyo muulizeni wazee baada ya tarawehe, wangali hai. Habari za walio hai zisitiriwe.

Mwaka mmoja wa Gazeti ni matoleo 52 ya kila wiki. Ukisoma mawili kwa siku, mwezi huu wa Ramadhan wautosha. Vijana kumi, miaka kumi, na ifikapo Idi tutakuwa na kitu mkononi. Mtaa wenu utaanza na mwaka gani?

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.