Intaneti ya Waya Inayokatika na Kurudi: Tuutafute Ubovu Ulipo

Leo tunazungumzia kero ambayo wengi wenu, kuanzia Njiro na Sakina hadi Ngaramtoni na Usa River, mnaifahamu. Kompyuta ya nyumbani imeunganishwa kwa waya, intaneti inafanya kazi kwa muda, inakatika, kisha inarudi yenyewe. Huduma iliyozimika kabisa ni rahisi kuishughulikia. Hii inayokwenda na kurudi ndiyo inayoleta hasara. Fundi akifika, huikuta nzima. Mtoa huduma akipigiwa simu, hueleza kwamba upande wake hauna tatizo. Mwishowe mteja hununua ruta mpya, au hata kompyuta mpya, na ubovu hubaki palepale, ilhali ada ya mwezi imelipwa kamili.

Nasaha yetu ni moja: kabla ya kutoa fedha, bainisheni ubovu uko katika kipande kipi cha njia. Njia hiyo ina vipande vitatu. Cha kwanza ni kutoka kompyuta hadi ruta, na hicho kimo ndani ya nyumba yenu. Cha pili ni kutoka ruta hadi mitambo ya mtoa huduma. Cha tatu ni kutoka hapo hadi ulimwenguni.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Intaneti ikikatika kwenye kompyuta, chukueni simu iliyounganishwa na ruta hiyo hiyo bila waya. Zimeni kwanza data ya laini ya simu, la sivyo bando lenu litawadanganya. Simu ikiendelea kupata intaneti, mtoa huduma hana kosa. Ubovu umo katika waya, matundu yake au kompyuta. Simu nayo ikikosa, ziangalieni taa za ruta. Zikizimika zote na kuwaka upya, ruta inakosa umeme: chunguzeni adapta yake, soketi na kushukashuka kwa umeme. Zikibaki zinawaka, yaelekea tatizo liko nje ya nyumba.

Tuanze na ndani. Waya wa mtandao una nyuzi 8 zilizosokotwa kwa jozi 4. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi 2, bali kasi ya gigabiti 1 huhitaji zote 4. Uzi mmoja ukilegea, mawasiliano hupungua kasi au hukatika kila waya unapoguswa. Itazameni plagi: kikonyo cha plastiki kinachoishika ndani ya tundu kikivunjika, plagi huteleza kidogo kidogo bila kuonekana. Ukagueni pia waya wenyewe mahali unapobanwa na mlango, unapokanyagwa na mguu wa meza au unapoweza kutafunwa na panya.

Kisha badilisheni kitu kimoja kwa wakati. Azimeni waya mfupi ulio mzima, mtumie siku moja au mbili. Tatizo likiendelea, hamieni tundu jingine la ruta. Likiendelea tena, unganisheni kompyuta nyingine. Mkibadilisha vyote kwa pamoja, huenda intaneti ikatengemaa, lakini hamtajua mlichotibu. Iwapo mkatiko hutokea kila kompyuta ikiachwa kimya, tazameni mipangilio ya kadi ya mtandao: kompyuta nyingi huruhusiwa kuizima kadi hiyo ili kuokoa umeme, na ruhusa hiyo huweza kuondolewa.

Mnaponunua waya, ulizeni kama nyuzi zake ni shaba tupu. Zipo zinazouzwa kwa bei nafuu ambazo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Hukatika upesi zikikunjwa. Urefu wa waya usizidi mita 100.

Wakati wa masika, waya wa ndani uliopitishwa nje kuelekea nyumba ya uani huingiza maji na kuharibika. Tumieni ule uliotengenezwa kwa matumizi ya nje. Radi nayo huweza kupitisha umeme mkali katika waya wa shaba na kuunguza ruta na kompyuta kwa pamoja. Wingu likitanda, chomoeni waya wa umeme na wa mtandao mapema. Radi ikishaanza kupiga karibu, msiviguse.

Kwa wenye faiba, taa nyekundu iliyoandikwa LOS maana yake mwanga haufiki kwenye kifaa. Msiukunje waya huo, wala msichungulie ncha yake. Mwiteni mtoa huduma.

Kipande cha tatu hakitibiwi nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilikatika, na intaneti ikazorota nchini kote. Siku kama hiyo, ruta mpya isingemsaidia mtu yeyote.

Katika yote haya, wekeni daftari. Andikeni tarehe, saa ya kukatika na ya kurudi, hali ya taa, na kama simu ilipata intaneti. Kumbukumbu ya wiki moja ina uzito kuliko maneno “inasumbua kila siku”. Ikionyesha kwamba ubovu uko nje ya nyumba, pelekeni lalamiko kwa mtoa huduma na mdai namba ya lalamiko hilo. Msiporidhika, lifikisheni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha. Sheria ya mwaka 2003 iliyoiunda Mamlaka hiyo iliunda pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ili sauti ya mlaji isikike.

Mlaji anayekuja na daftari hawezi kurudishwa nyumbani kwa jibu jepesi.