Nani Alipe Gharama za Majeshi Yaliyoko Ugenini?



Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini katika mambo ya majeshi mgeni huweza kukaa miaka sabini, na badala ya yeye kupewa jembe, mwenyeji ndiye anayepelekewa hati ya madai. Hayo ndiyo yaliyoikuta Korea ya Kusini katika uhusiano wake na Marekani. Nchi hizo zilitiliana sahihi mkataba wa kulindana mwaka 1953, vita vya Korea vilipokwisha kusimamishwa, na askari wa Kimarekani wapatao 28,500 wamebaki huko.

Mapatano ya mwaka 1966 kuhusu hadhi ya askari hao yalikuwa wazi. Korea ingetoa maeneo ya vituo, na Marekani ingebeba gharama nyingine zote za kuwatunza watu wake. Mwaka 1991, uchumi wa Korea ulipokwisha inuka, uliandikwa mkataba wa pekee ambao kazi yake hasa ni kuliweka kando sharti lile kwa muda. Mwaka huo Korea ilitoa dola milioni 150. Maneno hayo mawili, “kwa muda”, yanastahili kuangaliwa vizuri. Mkataba wa pekee umefanywa upya mara kwa mara tangu hapo, daima kwa muda, na karibu kila mara kiasi kikipanda.

Fedha hizo hazimlipi askari mshahara wake. Huenda katika mafungu matatu: ujira wa Wakorea wanaofanya kazi vituoni, ujenzi, na huduma za kuhudumia jeshi. Hutolewa kwa won, fedha ya Wakorea wenyewe, na sehemu kubwa yake huishia mikononi mwa wafanyakazi na makampuni ya nchini humo. Kwa hiyo mjumbe wa Korea anapoambiwa kuwa nchi yake inalindwa bure, ana majibu tele. Ataitaja ardhi isiyotozwa kodi ya pango. Atawataja vijana wa Kikorea wanaotumikia jeshi la taifa lao ndani ya vikosi vya Marekani, utaratibu ulioanza mwaka 1950. Kisha atakitaja kituo kikubwa cha Camp Humphreys, huko Pyeongtaek, ambacho ujenzi wake uligharimu kiasi cha dola bilioni 10.7, na Korea ikalipa karibu asilimia 90. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohesabiwa ndani ya mkataba wa pekee. Mjumbe wa Marekani naye hujibu kuwa kilicho ndani ya mkataba ni sehemu ndogo tu ya gharama halisi za nchi yake. Ubishi, basi, huanza kabla ya kutajwa kiasi chochote: ni kitu gani kiitwe gharama?

Mwaka 2019 ubishi huo ulifika mahali pabaya. Mapema mwaka huo Korea ilikubali kulipa won trilioni 1.0389, ongezeko la asilimia 8.2, lakini mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja tu. Kufunga mkataba wa mwaka mmoja na mtu mwenye nguvu kuliko wewe ni kumkaribisha arudi mapema, na alirudi. Serikali ya Rais Donald Trump ilitaka malipo yafike karibu dola bilioni 5, yaani kiasi cha mara tano. Mwezi Novemba, mjini Seoul, wajumbe wa Marekani waliondoka mezani kabla ya kikao kumalizika. Mkataba ukaisha mwishoni mwa Desemba pasipo mwingine wa kuushika mahali pake.

Waliobeba mzigo wa kukwama huko hawakuwa wajumbe. Tarehe 1 Aprili, 2020, wakati ugonjwa wa korona umekwisha enea, Wakorea wapatao 4,000, karibu nusu ya wafanyakazi wote wa vituo vile, walipewa likizo bila malipo. Hao ni wafanyakazi wa kawaida. Hawakuwa na kauli yoyote katika mashauriano, lakini mishahara yao ndiyo iliyogeuzwa silaha ya mezani. Bunge la Korea lilipitisha sheria ya kuwasaidia, na mwezi Juni Marekani ilikubali Korea itoe fedha za ujira wao peke yake, ndipo wakarudi kazini.

Ujerumani ya Magharibi iliwahi kuonja shubiri hiyo. Tangu mwaka 1961 iliahidi kununua silaha za Kimarekani ili kurudisha dola zilizokuwa zikitumiwa na askari wa Marekani katika ardhi yake. Bajeti ilipopwaya, Kansela Ludwig Erhard alikwenda Washington mwezi Septemba, 1966, kuomba apunguziwe mzigo au aongezewe muda. Rais Johnson hakulegea. Erhard alirudi mikono mitupu, na kabla mwaka haujaisha serikali yake, iliyokuwa tayari ikiyumba, ilianguka. Jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba mwaka 1967 wakubwa hao walipata njia nyingine: Benki Kuu ya Ujerumani iliahidi kwa barua kutobadilisha dola zake kuwa dhahabu. Kilichoshindikana kwa bunduki kikalipwa kwa uvumilivu wa benki.

Wakorea walivumilia hadi serikali ya Washington ibadilike. Mwezi Machi, 2021, yalifikiwa mapatano ya miaka sita: malipo ya mwaka 2020 yalibaki palepale, na ya mwaka 2021 yakapanda kwa asilimia 13.9. Sehemu ya ujira inayotoka kwa Korea iliongezwa, ili wafanyakazi wasitupwe nje tena kwa urahisi ule. Hata hivyo ongezeko la kila mwaka lilifungamanishwa na bajeti ya ulinzi ya Korea, kosa ambalo si dogo, kwani kila Korea ilipojiimarisha yenyewe, ilimlipa mlinzi wake zaidi.

Kosa hilo lilisahihishwa mwaka 2024. Mkataba wa miaka 2026 hadi 2030 unaanzia won trilioni 1.5192, na nyongeza inafuata kupanda kwa bei za bidhaa, isipite asilimia 5 kwa mwaka. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, Bwana Trump, akiwa mgombea, alikuwa akitaja dola bilioni 10. Mkataba ulitiwa sahihi mjini Seoul tarehe 4 Novemba, siku moja kabla Wamarekani hawajapiga kura. Bunge la Korea liliuidhinisha kabla mwezi haujaisha. Nchini Marekani mkataba wa namna hiyo haupelekwi Baraza la Seneti kuidhinishwa. Unasimama kwa sahihi ya serikali peke yake, na serikali hiyo iliondoka madarakani Januari, 2025.