Hotuba ya Mgeni Rasmi katika Uzinduzi wa Shahada ya Uzamili ya Taaluma za Bahari ya Hindi

 

Nianze na mfano wa kwa nini shahada hii inahitajika. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Manda, Mtwapa na Kilwa. Ilionekana kwamba wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa na asili ya Afrika, hasa kwa upande wa akina mama, na ya Uajemi kwa upande wa akina baba, na kwamba damu hizo zilianza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Tarikh ya Kilwa, simulizi ya kale inayosema watawala wa mji huo walitoka Uajemi, na ambayo wanahistoria wengi waliiona ni majigambo ya watawala, ikapata wa kuisikiliza upya.

Lakini msomaji wa vinasaba peke yake angeweza kutangaza kwamba Waajemi ndio walioijenga miji yetu. Angekosea. Waakiolojia waliochimba Shanga, kisiwani Pate, wanatuonyesha makazi ya karne ya 8 na misikiti ya miti chini ya msikiti wa mawe. Wageni walikuta miji ipo. Wanaisimu nao wanatukumbusha kuwa watoto wa ndoa hizo walikua wakisema lugha ya Kibantu, lugha ya mama zao. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii, na hakuna idara moja ambayo ingeweza kulifikia peke yake.

Wanafunzi, jifunzeni lugha mapema. Nyaraka za Zanzibar zina Kiarabu, Kijerumani na Kiingereza. Za Wareno ziko Lisbon na Goa. Anayesubiri kutafsiriwa atasoma alichochaguliwa na mwingine. Mkitoka maktaba, nendeni mkakae na manahodha wa Lamu na bibi zetu wa Pemba, na majina yao muyaandike kwenye tasnifu kama mnavyoandika ya maprofesa.

Wakuu wa idara, ombi langu ni moja: kila mwanafunzi wa shahada hii apewe wasimamizi wawili kutoka idara mbili, na kazi hiyo ihesabiwe katika mzigo wa mhadhiri. Isipohesabiwa, haitafanyika.

Kwa hayo machache, natamka kuwa shahada hii imezinduliwa rasmi.