MBWA WAKO ANA UMRI GANI?

Leo tuwaache ng'ombe kidogo, tumtazame mlinzi wao. Ni wachache wanaokumbuka mbwa wao alizaliwa lini. Ukiuliza utaambiwa, "Huyu? Alikuja wakati ule wa palizi." Sasa utajuaje kama ni mtoto, kijana au mzee?

Wengi huzidisha kwa saba: mwaka mmoja wa mbwa, miaka saba ya mtu. Hesabu hiyo ni nyepesi lakini inapotosha, hasa mwanzoni. Mbwa wa mwaka mmoja si mtoto wa darasa la kwanza. Huyo ni kijana wa miaka 15 hivi! Akitimiza miwili ni kama mtu wa miaka 24. Baada ya hapo mwendo hupungua. Kwa mbwa wetu hawa wa kawaida, kila mwaka ongeza minne au mitano. Basi mbwa wa miaka saba ni kama mtu wa miaka 44 hadi 49. Wale wenye miili mikubwa sana huzeeka mapema zaidi.

Hasara ya kuzidisha kwa saba ni hii. Mfugaji ana jike wa miezi minane, anasema bado mtoto, anamwacha azurure. Kumbe jike huweza kupata joto tangu miezi sita, na mimba yake ni siku 63 tu. Hajatimiza mwaka, tayari una watoto watano uani, na hakuna aliyechanjwa.

Kama hujui alizaliwa lini, mfunue midomo. Awe mbwa aliyekuzoea, tafadhali. Mbwa mgeni au anayetokwa udenda usimguse. Mtoto ana meno 28, membamba, makali kama sindano. Ya mbele hubadilika kati ya miezi mitatu na mitano, chonge za ukubwani hutoka kwenye mitano au sita, na kwa miezi saba meno yote 42 huwa tayari. Yakiwa meupe, na ya mbele yana ncha tatu tatu, huyo ni kijana. Baadaye meno hudanganya, maana mtafuna mifupa huyasaga upesi. Hapo tazama mvi za mdomoni, na ukungu wa bluu machoni.

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa usibague umri. Wengine huwaacha watoto nyumbani, eti ni wadogo mno. Shirika la Afya Duniani linashauri wachanjwe hata walio chini ya miezi mitatu. Watie kikapuni uende nao, na bwana mifugo atakwambia lini uwarudishe. Yule mzee wa miaka kumi, ambaye ni kama mtu wa 60, naye mpeleke. Kisha mtafutie kijana wa kumsaidia zamu ya usiku, kabla fisi hajagundua kwamba masikio yake yamechoka.