Ndege Tayari, Injini Hakuna: Funzo la Uhaba wa Vita kwa Mafundi wa Leo

Mada ya semina ya mafundi magari, Mwanjelwa, Mbeya

1. Utangulizi

Kila gereji ina gari lake la mwaka mzima: bodi safi, viti vipo, injini imeshushwa inasubiri spea. Hata Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili ilikwama hapohapo. Hoja yangu ni kwamba uhaba hauishi kwa ujanja wa fundi peke yake. Kuna mtu anayeulipia.

2. Ndege iliyosubiri injini

Messerschmitt Me 262 ndiyo ndege ya kwanza ya jeti kuingia vitani. Bodi iliitangulia injini. Tarehe 18 Aprili 1941 iliruka kwa injini ya pistoni iliyofungwa puani. Kwa jeti peke yake, aina ya Jumo 004, iliruka 18 Julai 1942.

Kikwazo kikubwa kilikuwa chuma. Sehemu zinazopigwa na moto hutaka nikeli, kromi na kobalti, madini yaliyokuwa adimu Ujerumani. Wahandisi wakaichora injini upya: vyumba vya moto vya chuma cha kawaida kilichopakwa alumini, na mapanga yenye uwazi ndani ili hewa iyapooze. Mwaka 1944 ikazalishwa kwa wingi, lakini ilidumu saa 10 hadi 25 tu. Lingekuwa basi, kwa bahati nzuri lingekwenda Dar es Salaam na kurudi Mwanjelwa mara moja, kisha injini ishushwe. Ziliundwa ndege zipatazo 1,400. Nyingi hazikupigana kabisa.

3. Rufiji, 1914

Kwetu mkasa kama huo ulitangulia, katika Vita Kuu ya Kwanza, tulipokuwa koloni la Wajerumani. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha injini ya Königsberg yenyewe ikaharibika. Ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Vipande vilivyovunjika vilipelekwa kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa. Injini ikapona, lakini Waingereza wakaziba njia ya kutokea baharini. Tarehe 11 Julai 1915 meli ikaangamia.

4. Aliyelipa

Injini za Jumo ziliundwa pia ndani ya mahandaki karibu na Nordhausen, ambako wafungwa wa kambi ya mateso walitumikishwa hadi kufa. Huku kwetu, pasipo magari ya kutosha, mizigo ya ile vita ya kwanza ilipanda vichwani mwa wapagazi; makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila gereji iorodheshe spea zinazokwamisha kazi mara kwa mara, tuziagize kwa pamoja kabla hazijahitajika. Pili, ukichongesha kipande cha kubahatisha, mwambie mteja kitadumu kiasi gani. Tatu, kijana anayelala chini ya lori lililoshikwa na jeki moja, bila stendi, analipa uhaba asiousababisha. Tuanze na stendi, ndugu zangu.